Léonie Akisimama, Kahawa Imekwisha

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika ofisi ya sherifu wa kaunti yetu, Naibu Sherifu Léonie Daigle atastaafu Ijumaa, tarehe 27 Septemba. Tarehe hiyo aliichagua mwenyewe. Shule zitakuwa zimefungwa kwa ajili ya mavuno ya viazi, wajukuu wake wote watakuwa shambani kwa kaka yake, na amesema hataki kuanza mapumziko kwa kukaa nyumbani akitazama ukuta. Jumatatu itakayofuata atakuwa juu ya mashine ya kuvunia, akiokota mawe kwenye mkanda unaopitisha viazi. Hayo ndiyo mapumziko yake.

Sherifu ameniomba mimi, Mireille, niandike maneno haya kwa sababu meza yangu ya mapokezi inatazamana na ya Léonie, na hakuna siku nimefika kazini nisimkute. Iko sababu nyingine pia. Wengi wenu mnaijua, na waliokuja juzi wataijua mbele kidogo.

Léonie hakuanza na beji. Alianza na mwiko. Alikuwa mpishi wa jela ya kaunti, na inasemekana wapo wafungwa waliomaliza kifungo siku ya Jumanne wakaomba wabaki mpaka Alhamisi, kwa kuwa Alhamisi ilikuwa siku ya maharage. Siiamini sana hadithi hii, maana aliyenisimulia ni yeye mwenyewe. Kutoka jikoni akahamishiwa upande wa wanawake kuwa mlinzi, na kutoka hapo akaenda chuo cha polisi, akiwa na umri uliowafanya wenzake darasani wamwite Shangazi. Jina hilo alirudi nalo. Hata sherifu wa sasa, akisahau kwamba yeye ndiye bosi, humwita Shangazi.

Kazi aliyoipenda kuliko zote ni ile ambayo wengine waliikimbia, ya kupeleka hati. Samansi za mashahidi, barua za kuhamishwa nyumba, karatasi za talaka, na maonyo ya kuacha usumbufu. Hakuna anayefurahi kumwona mleta hati mlangoni kwake. Tumewahi kuwa na manaibu waliosukuma karatasi kwenye upenyo wa mlango wakarudi garini mbio, na mbwa nyuma yao. Léonie hakuwahi kukimbia. Kwanza ana biskuti za mbwa mfukoni. Pili yeye ni mtu wa bonde hili, na katika bonde hili mgeni haachwi mlangoni.

Kwa hiyo huingia. Akikaribishwa kahawa, anakunywa. Akiwekewa ploye, zile chapati zetu za manjano zisizogeuzwa, anapaka siagi na molasi anakula. Anauliza habari za goti la baba mwenye nyumba na za binti aliyehamia mjini. Kisha anaweka uma chini, anafunga kifungo cha juu cha shati, na anasimama. Anayesimama si yule aliyekuwa akila. Anaisoma hati yote kwa sauti, kwa Kiingereza cha serikali, halafu anairudia kwa Kifaransa cha jikoni, ili asiwepo wa kusema hakuelewa. Nyumba zote za kandokando ya mto zinajua hivyo. Watoto wanaigiza wakicheza. Watu wazima wana msemo wao: Léonie akisimama, kahawa imekwisha.

Mzee mmoja wa upande wa juu alipanda paa kuondoa theluji alipoliona gari letu linakuja, akagoma kushuka. Léonie hakubishana naye. Alikaa kwenye kipago cha chini cha ngazi, akafungua chupa ya chai, akaanza kumsimulia habari za mazishi ya jirani ambayo mzee yule hakuwa ameyahudhuria. Mzee alivumilia mpaka aliposikia kwamba wana wa marehemu walitaka kugombana palepale kaburini. Akashuka ili asikie vizuri. Akapewa samansi yake, na hadithi akamaliziwa.

Sasa niseme habari yangu, maana ndani yake mtamwona Léonie kuliko katika sifa zote nitakazoziandika.

Miaka minne iliyopita nilifika kwenye kaunta hii si kuomba kazi. Nilikuja na binti yangu Noémie, wakati huo akiwa na mwaka mmoja, kwenye kiti chake cha kubebea. Wakati ule nilikuwa nafanya kazi ghala la kupakia viazi. Mwenzetu mmoja pale, Gérald Cyr, alinialika kwenye dansi, nikaenda naye mara mbili, kisha nikamwambia kwa upole kwamba haitakuwa. Yeye aliona itakuwa. Alianza kuniachia magunia ya viazi kwenye ngazi ya nyumba, yameandikwa jina langu. Alipiga simu ghalani kuuliza niko zamu gani. Aliegesha gari lake ng'ambo ya barabara, injini inanguruma, yumo ndani anatazama dirisha langu. Nikabadilisha zamu, naye akabadilisha. Asubuhi moja nikakuta viatu vya mtoto vimening'inizwa kwenye kitasa cha mlango. Saizi ya Noémie kamili. Sikuwahi kumwambia mtu saizi ya viatu vya mwanangu.

Nilipomweleza msimamizi wa ghala, alicheka mpaka akakohoa. Alisema wenzangu wanaletewa bili, mimi naletewa viazi, sasa nalia nini. Dada zangu pia walisema kijana anapenda tu, atachoka. Ndiyo maana nilichelewa kuja hapa. Niliona haya. Ungekwenda kushtaki viazi?

Léonie ndiye aliyekuwa kaunta siku ile. Hakucheka. Hakuuliza kama nilimpa Gérald matumaini, swali ambalo kila mtu alikuwa ameniuliza. Alimtazama Noémie, akatazama miguu yake, akauliza jambo moja.

"Unalala, mwanangu?"

Nikamwambia nalala na kiti nimekiegemeza mlangoni. Akavuta kiti chake akakaa upande wangu wa kaunta, na hapo nikaelezwa sheria ya jimbo letu la Maine kwa namna ambayo mpaka leo naikumbuka kama mapishi.

Alisema hapa kwetu makosa ya jinai yamepangwa kwa herufi, A juu, E chini. Kosa la kumsumbua mtu ni la Daraja E. Lakini halianzi hewani. Kwanza msumbufu aambiwe aache, na anayemwambia awe ofisa wa sheria, si shangazi yake wala si mimi. Akishaambiwa, onyo linaishi mwaka mmoja. Ndani ya mwaka huo akirudia mwenendo wake kwa nia ya kumtesa au kumtisha mwenzake, hapo ametenda jinai, na mahakama inaweza kumpa mpaka miezi sita jela na faini mpaka dola elfu moja. Akizidi, akawa mtu wa kumwandama mwenzake mpaka mwenzake ahofie usalama wake, kuna kosa jingine la Daraja D, na hilo kifungo chake kinakaribia mwaka. Na mtu aliyekwisha kutiwa hatiani mara mbili kwa kumsumbua mtu yuleyule au jamaa wa karibu wa mtu huyo, akirudia tena, kosa linaruka mpaka Daraja C. Hapo hatuzungumzii miezi tena. Ni hadi miaka mitano.

Nadhani uso wangu ulionyesha kwamba E ilinivunja moyo. Herufi ya mwisho kabisa. Léonie aliliona hilo.

"Wewe umefanya kazi ghalani, unajua chekeche," alisema. "E ni kile kiazi kidogo kinachopenya tundu la mwisho. Lakini kimepenya kikiwa kiazi. Hakikugeuka hewa."

Kesho yake alikwenda kwa Gérald, aliyekuwa anaishi na mama yake, Bibi Albertine Cyr. Bibi Albertine na Léonie wamejuana tangu wote wawili wakiwa na meno yote. Akakaribishwa, akakaa, akawekewa ploye. Kisha akasimama akasoma onyo. Jioni alinipigia simu kuniambia limefika, na kwamba kuanzia hapo chochote kikitokea nisikitupe, nisikijibu, nimwite.

Nilipata mwezi mmoja wa amani. Kisha gunia likarudi kwenye ngazi. Kisha gari ng'ambo ya barabara. Kisha simu ghalani, anauliza kama Noémie ameanza kutembea vizuri. Nikamwita Léonie kila mara. Gérald akakamatwa, akashtakiwa kwa lile kosa la Daraja E, naye akakana. Wakili wake alitoka mbali, kijana mwenye viatu visivyojua matope.

Na hapa ndipo Léonie alipokosea, na ameniruhusu niandike, tena amesema nisipoandika ataandika yeye. Kwenye barabara ya akina Cyr kuna Gérald Cyr wawili, mtu na binamu yake, nyumba zao zinatazamana. Karatasi ya onyo ilichapwa ikiwa na tarehe ya kuzaliwa ya binamu. Ofisa mgeni angeisoma ile tarehe mlangoni, akauliza, akagundua. Léonie hakuuliza. Angemwulizaje mtu tarehe ya kuzaliwa, na kwenye ubatizo wake alikuwepo, akala keki?

Wakili akaikamata tarehe ile kama mtu aliyeokota pochi. Alisema onyo lilikuwa la mtu mwingine. Mteja wake hajawahi kuonywa. Naibu Daigle alikuja kunywa kahawa kwa rafiki yake kama alivyozoea, akaacha mezani karatasi isiyomhusu mtu yeyote wa nyumba ile. Pasipo onyo hakuna kosa, hata la Daraja E.

Mwendesha mashtaka aliniita pembeni akaniambia kwa huruma nijiandae, kesi inaweza kufutwa. Siku ile nilikirudisha kiti mlangoni.

Sheria ilikuwa na mlango mmoja bado wazi. Inasema mtu aonywe kwa maandishi au kwa njia nyingine. Maneno ya mdomo ya ofisa yanatosha, kama yapo masikio mengine yaliyoyasikia, maana Gérald alikuwa anasema hajasikia lolote. Masikio hayo yalikuwa ya mtu mmoja tu. Ya mama yake.

Léonie hakutaka. Alimwambia mwendesha mashtaka waziwazi kwamba kumwita mama atoe ushahidi dhidi ya mwanawe ni kumkata mtu mkono. Lakini samansi ilipotoka, hakukubali apelekewe na mwingine. Alikwenda mwenyewe. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwepo jikoni mle. Aliyenieleza ni Bibi Albertine, baadaye sana, tena kwa maneno machache. Alisema Léonie alikaa, akala kidogo, na alipoweka uma chini, yeye Albertine ndiye aliyesimama kwanza.

"Kaa, Léonie," alimwambia. "Nimejua tangu ulipozima gari. Nitakuja."

Mahakamani alivaa koti lake la kanisani. Wakili alimwuliza kwa adabu nyingi kama si kweli kwamba Naibu Daigle huja nyumbani kwake mara kwa mara, hukaa, hula, hupiga soga, na kwamba siku ile pia ilikuwa hivyohivyo. Bibi Albertine alimtazama kama anavyotazamwa mtoto wa mjini aliyeuliza maziwa yanatoka wapi.

"Wakili, huyu anakula mezani kwangu tangu mwanangu hajazaliwa," alisema. "Hajawahi kuacha ploye kwenye sahani yangu. Siku ile alisimama ploye ina siagi juu. Siagi ikaganda."

Watu wakacheka, hata karani wa mahakama. Jaji hakucheka. Alimwuliza bibi kwamba Naibu Daigle alisema nini aliposimama. Bibi Albertine akaacha kumtazama wakili, akamgeukia mwanawe.

"Alisema kuanzia leo, mwaka mzima, usimfuate Mireille, usimpigie, usimpelekee kitu. Hata kiazi kimoja. Mimi nilimsikia. Na wewe ulimsikia, Gérald, maana uliniomba chumvi ili usimtazame usoni."

Hakuna aliyecheka tena. Gérald aliinamisha kichwa, na wakili akarudi kukaa.

Léonie alipopanda kizimbani alieleza kosa lake la tarehe kabla hajaulizwa. Hakumtupia aliyechapa. Jaji alisema tarehe kwenye karatasi ilikuwa na kasoro, lakini sheria haikutaka karatasi safi, ilitaka mtu aambiwe na ofisa aache, na mtu huyu aliambiwa. Akamtia hatiani. Akampa wiki mbili katika jela ya kaunti na faini, kisha akamweleza polepole herufi zinapanda vipi kwa mtu anayerudia. Alipotoka, Gérald alihamia kusini mwa jimbo, na sijamwona tena.

Siku ile baada ya hukumu, watu walikuwa wananipongeza kwenye baraza la mahakama. Nilimtafuta Léonie nimshukuru, sikumpata. Alikuwa ameshamchukua Bibi Albertine kwa gari lake kumrudisha nyumbani, na alikaa naye mpaka jioni. Mimi na bibi yule husalimiana kanisani, ananishika mkono na kumwuliza Noémie umri wake. Mengine tunayaacha.

Miezi michache baadaye meza ya mapokezi ilikosa mtu. Léonie alinipigia ghalani kuniambia nilete maombi. Nikamwambia sikumaliza shule ya sekondari. Akajibu kwamba kaunta ile inahitaji mtu asiyecheka akisikia habari za viazi, na shule haifundishi hilo. Tangu nikae hapa nimewapokea wengi walioona haya kama mimi. Mwanamume anayetumiwa ujumbe na mke wa zamani mchana kutwa. Mwalimu anayefuatwa na mzazi mpaka dukani. Nami nimejifunza swali la kwanza la kuwauliza.

Yapo mambo katika ofisi hii yatakayobaki ingawa yeye anaondoka. Maonyo yetu sasa yanachapwa kwa lugha mbili, Kiingereza na Kifaransa, na ni yeye aliyesumbua mpaka ikawa; sherifu amesema kama kungekuwa na onyo la kumwonya Léonie aache kusumbua kuhusu jambo hilo, angelitoa. Kila naibu mpya anafundishwa kusoma hati kwa sauti, na kusimama. Na kila mtu, awe nani, anaulizwa tarehe ya kuzaliwa kabla ya kukabidhiwa karatasi. Léonie mwenyewe alikuwa mkali kuliko wote katika hili. Mwaka jana alimpelekea samansi ya ushahidi kaka yake Conrad, akamwuliza alizaliwa lini. Conrad ni pacha wake. Inasemekana alimjibu, "Muulize mama, mimi nilikuja nyuma yako, sikuona kalenda." Léonie alisubiri, kalamu mkononi, mpaka akataja tarehe.

Jambo la mwisho. Mwaka wa lile onyo ulipokaribia kwisha, mimi nilikuwa nimesahau. Yeye hakusahau. Alikuja mezani kwangu na vikombe viwili vya kahawa, akakaa, akasema onyo linakwisha wiki ile na kama nina wasiwasi wowote, tuandike jingine.

"Unalala?" aliniuliza.

"Ninalala, Shangazi."

"Kiti?"

"Noémie anakikalia akila uji."

Akanywa kahawa yake yote mpaka chini, bila kusimama.

Shangazi Léonie, ofisi nzima inakushukuru. Inakushukuru kwa milango uliyoingia wakati wengine walikimbia, kwa mbwa wa kaunti nzima ambao sasa watakosa biskuti, na kwa kuwaheshimu hata wale uliowapelekea habari mbaya. Mimi na binti yangu tunakushukuru kwa usingizi. Tunakuombea mgongo usikuume kwenye mkanda wa mawe, wajukuu wakusikilize walau nusu ya wanavyosikilizwa na wewe, na siku zako zote za mbele ziwe za kukaa.

Ijumaa saa sita mchana tutakutana ukumbi wa chini wa kanisa. Kutakuwa na maharage, na ploye atapika Bibi Albertine, ameomba mwenyewe. Wote mnakaribishwa. Tutakaa, tutakula, tutacheka. Kisha Shangazi utakapochukua koti lako uende, utasikia viti vinasogea nyuma yako. Geuka utazame. Ni sisi tumesimama, na wewe unajua kuliko mtu yeyote kwamba anayesimama anamaanisha analosema.

Mireille Gagnon, mapokezi